Tabibu wa Mishipa na Miezi Saba ya Karisa

Alikozaliwa sijui, na watu wa kwao sikuwahi kuwajua. Sikumuuliza, naye hakusema. Ninachokijua ni mkono wake. Ukikutana na Tabibu njiani hapa Muyeye ukamwamkia, mkono wako ulikuwa umeshapotea. Aliushika, akaushikilia, akakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mbuzi ambao huna, na wakati wote huo kidole gumba chake kiko kazini, kinabonyeza ile nyama iliyo kati ya gumba lako na kidole cha shahada. Sisi watu wa Pwani salamu zetu ni ndefu, kwa hiyo mgeni alimdhania mtu mwenye adabu kubwa. Hakuwa na adabu. Alikuwa anakupima.

Nyama ile ikiwa imejaa, alikuachia akaenda zake, hata kama uko katikati ya jibu. Ikiwa imenywea, hakukuachia. Alipanda na mkono mpaka kwenye kiwiko, akautafuta ule mshipa unaopita nyuma ya mfupa, ule ambao ukigongwa unakupiga shoti mpaka kidole cha mwisho, akauviringisha taratibu chini ya kidole chake. Hapo hapo njiani, mlangoni mwa msikiti, matangani. Ilifika mahali watu wakawa wanamwamkia mikono ikiwa mifukoni.

"Shikamoo, Tabibu," mtu anasema akiwa ng'ambo ya barabara.

"Marahaba. Lete mkono."

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Ninayoyajua nimeyajua kwa macho na kwa mgongo. Nilianza kubeba chumvi Marereni nikiwa kijana, nikawa mnyapara, nikawa kontrakta wa kupeleka vibarua kwenye mashamba ya chumvi, na leo ninazo nyumba zangu na lori langu, na sina wa kumshukuru ila Mungu na kichwa changu. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kutishwa na koti jeupe. Tabibu mwenyewe koti hakulivaa. Alivaa shati lililopauka na kubeba mkoba wa vifaa, na vifaa vyenyewe vilikuwa kichekesho: unyoya wa kuku, kipande cha pamba, nyundo ndogo ya mpira, na daftari la shule lililochanwa nusu.

Anakwambia ufumbe macho. Anakugusa kwa unyoya. "Nionyeshe nilipogusa." Unaonyesha. Anagusa pengine. "Nionyeshe." Mzima anaonyesha mpaka anachoka. Mgonjwa anakaa tu amefumba macho, anangoja kuguswa, kumbe ameshaguswa mara nne. Nimewaona watu wakingoja hivyo. Si jambo zuri kulitazama.

Kazi yake ilikuwa hiyo, mishipa ya fahamu na misuli. Malaria na vikohozi aliwaachia wenzake. Alisema mwili una waleta habari na wapeleka amri, na yeye anatafuta nani kati yao amelala njiani. Na alikuwa na neno lake moja alilolirudia mpaka likachosha: "Maumivu ni askari wako. Askari akinyamaza, usimsifu kwa utulivu."

Alipenda kuuliza maswali ya kijinga. Huko upande wa Kaloleni kulikuwa na mgema mmoja aliyeamka mkono wake wa kulia umening'inia kama kuku aliyevunjwa shingo. Vidole vinakunja, lakini kifundo cha mkono hakiinuki. Mgema ambaye hawezi kushika kotama, kisu chake cha kugemea, atapandaje mnazi? Ukoo ukakaa, na kabla jua halijageuka walikuwa wameshamjua mchawi: ami yake, mzee mwenye mvi, na kwetu sisi mvi zimekuwa kesi. Yule mzee alikuwa ameshahama nyumba yake, anajificha kwa binti yake.

Tabibu alifika akauliza, "Siku hiyo ulilala wapi?"

"Kilabuni. Nilikuwa nimekunywa."

"Ulilala kitandani?"

"Kwenye kiti."

"Kileteni hicho kiti."

Watu wakaguna, lakini kiti kikaletwa. Kilikuwa cha mbao, kina mgongo mrefu. "Kaa ulivyokaa," Tabibu akamwambia, na jamaa akakaa, akautupa mkono nyuma ya kiti, ubao ukamkaa sawasawa chini ya kwapa.

"Huyo ndiye mchawi wako," Tabibu akasema. "Ana miguu minne. Amekubana mshipa mpaka asubuhi."

Akamfunga kifundo kwa kibao na kitambaa, akaapa kwamba mkono utaanza kuinuka kabla ya miezi mitatu kwisha, na usipoinuka waje wamchome moto yeye. Uliinuka. Yule mzee akarudi kwake. Nilimwona baadaye, na alikuwa mtu wa maneno machache sana. Nadhani anawajua kwa majina wote waliokwenda kumtafuta.

Kulikuwa na mama mmoja pia, wa jamaa za Lamu, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani karibu na kwangu. Asubuhi mzima, lakini ikifika alasiri kope zinamshuka kama mapazia, sauti inakwenda puani, na chakula anakitafuna nusu anakiacha, taya zimechoka. Alinyweshwa kombe la aya za Kurani, akasomewa, akafukizwa. Ikasemwa ana jini mvivu. Tabibu akaja alasiri, akaagiza barafu kwa wauza samaki, akaifunga katika kitambaa na kumwekea juu ya kope moja huku akihesabu kimoyomoyo. Alipoiondoa, jicho lile lilikuwa wazi, kubwa, linatutazama, na lenzake bado limelala. Wanawake wakashika vinywa.

"Jini gani huyu anayeogopa barafu?" Tabibu akasema. "Amri inatoka kichwani vizuri, inafika mlangoni mwa msuli haipokewi. Aende Mombasa na barua yangu." Akaenda, na dawa anameza mpaka leo, na watoto anafundisha.

Sasa usije ukamfanya malaika. Alikuwa mkali kwa wagonjwa, hasa waliochelewa. Waganga aliwatukana barazani mbele ya chifu, kisha ukapita jioni ukamkuta amekaa ugani kwa mganga mmoja wa hapa Muyeye, wanatafuna tambuu kama mashemeji. Nilimwambia ni mnafiki. Akanijibu bila haya, "Yule anachanja watu chale kwa wembe kila siku. Nimemwambia, ukimchanja mtu na hakushtuka, niletee. Ameniletea wengi kuliko zahanati tatu." Mimi nikacheka. Sikujua kwamba nami nilikuwa na wembe wangu.

Na alikuwa mtu wa kununa. Hilo watu hawalisemi wanapomsifu, mimi nalisema. Mchinjaji mmoja alimwuzia nyama yenye mafuta, Tabibu akapita nje ya bucha ile miaka mingi bila salamu, akazunguka kuifuata nyama mbali na jua linamchoma. Ukimkosea hakugombana. Alikunja uso, akakuondolea miguu, asifike kwako tena.

Nifike kwa Karisa, maana wa Karisa ndio mzigo wenyewe.

Nilipokuwa nikichukua vibarua wapya nilikuwa na mtihani wangu. Miguu ya maskini haikosi nyufa na michubuko. Niliwasimamisha ndani ya bwawa, kwenye maji ya chumvi yaliyokwisha kukolea, nami nikaketi na kikombe changu cha chai. Anayerukaruka kabla sijamaliza chai, nilimwambia akatafute kazi ya dukani. Anayesimama namchukua. Hakuna aliyenifundisha, niliubuni mwenyewe, na niliuonea fahari. Niliamini nachagua wanaume.

Karisa ni mdogo wake mke wangu. Alikuja na mguu uliopasuliwa na gome la chaza, nyama inaonekana. Aliingia bwawani, akasimama, akaniuliza, "Mlamu, chai imebaki?" Wenzake wanasaga meno, yeye anaomba chai. Nilimpenda hapo hapo. Kwa miaka nilimtumia kama kipimo. Kibarua akilalamika, namwonyesha Karisa. "Tazama mguu wa yule, kisha unionyeshe wako."

Tabibu aliposikia habari ya mtihani wangu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Bwana Mnyapara, wewe unawarudisha wazima nyumbani unaajiri wagonjwa." Nikamwona mtu wa vitabu tu. Lakini aliponiomba nafasi ya kuja kuwapima vibarua miguu, nilimruhusu, kwa kuwa alikuwa jirani.

Alikuja kwa pikipiki. Akapeana mikono na gengi zima, na alipofika kwa Karisa hakuuachia mkono. Akapanda kiwikoni. Akachana karatasi katika lile daftari lake, akamwambia, "Ibane baina ya gumba na kidole. Mimi nitaivuta, usikubali." Akaivuta kama mtu anayeokota karatasi mezani. Wakarudia, ikatoka tena.

"Karisa, hata kizee hiki kinakushinda," vibarua wakamcheka.

"Ana mkono wa kuiba huyu," Karisa akasema, naye anacheka.

Tabibu akamvua shati. Begani palikuwa na baka lililofifia, kubwa kuliko kiganja, ambalo sote tulilijua tukaliita choa. Akamwambia afumbe macho. Akaligusa lile baka kwa unyoya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karisa amefumba macho, anatabasamu, anangoja.

Tabibu akanivuta pembeni. "Huyu aje kwangu kesho. Si keshokutwa."

"Ana nini?"

Akashusha sauti. "Ukoma. Usitetemeke, unatibika, na dawa ni bure. Lakini mshipa wa mkono umevimba na unaumia sasa hivi. Leo hivi vidole vina nafasi. Nusu mwaka ukipita bila dawa, nitaua vijidudu na vidole vitabaki vilivyojikunja."

Niliyasikia yote. Sitadanganya kwamba sikuyaelewa. Ila niliposikia lile neno, niliona gengi langu lote likikimbia, na kontrakta mwingine amesimama mahali pangu. Na niliona aibu: mwanamume niliyewaonyesha wengine miaka yote, kumbe nilikuwa nawaonyesha ugonjwa. Nikapaza sauti wote wasikie.

"Hapa hakuna mgonjwa. Beba mkoba wako."

"Bwana Mnyapara, nisikilize."

"Nimesema nenda. Nenda ukawarudishie kuku manyoya yao."

Vibarua wakacheka sana. Unyoya ulikuwa umemponyoka, akauinamia akaufuta chumvi. Uso ulikuwa umeshakunjika. "Sitakanyaga hapa tena," akasema, "mpaka unitumie mtu." Akapanda pikipiki yake.

Jioni Karisa akaja kuniuliza, "Mlamu, yule Tabibu alisema nina nini?"

"Baridi yabisi. Chumvi inakaza mikono. Jipake mafuta."

Akajipaka mafuta. Hakuwahi kunisikia nikisema uongo, kwa hiyo aliamini. Hata vidole viwili vya mwisho vilipoanza kukunjika, alijipaka mafuta.

Miezi saba ilipita. Asubuhi moja aliamka akakuta damu kwenye mkeka. Panya walikuwa wamemla kidole cha mguu, naye alikuwa amelala usingizi wake wote hajasikia kitu. Mke wangu aliuona ule mguu. Hakuniuliza mimi. Alimpakia kwenye bodaboda wakaenda moja kwa moja kwa Tabibu, na mimi nikabaki nyumbani nikitafuta kazi ya kufanya.

Tabibu alimpokea. Alimpa vidonge vya mwaka mzima, na vingine vya kuutuliza mshipa ingawa alijua vimechelewa. Alimshonea makubazi yenye mpira laini. Alimfundisha kuloweka miguu na kuitazama kila jioni, unyayo hata kati ya vidole. "Macho yako sasa ndiyo ngozi yako," alimwambia. Ugonjwa uliisha, hilo niliseme. Karisa hana ukoma. Lakini vidole vya mikono havikunyooka, na ule mguu, kidonda kiliingia mfupani, wakaukata nusu hospitalini.

Alirudi shambani kwao, nyuma ya Kaloleni. Akaoa huko. Analima muhogo, jembe amelifungia mpira kwenye mpini ili limkae mkononi. Na ana desturi moja ambayo sikuweza kuizoea. Kila mwaka anasimama kanisani kutoa ushuhuda, anainua mikono yake ile, anasema, "Ndugu zangu, huu ni ujinga wangu mimi. Daktari alinigusa kwa mkono wake na sikumfuata. Msichelewe kama mimi." Kisha anatushukuru kwa majina, Tabibu kwa kumtibu, na mimi mlamu wake kwa kumpa kazi. Mara mbili tulikuwepo wote wawili, tumekaa benchi moja. Mara zote mbili sote tulitazama sakafu.

Mimi na Tabibu tulishakuwa tunasalimiana tena, maana nyumba zinatazamana. Lakini ya Karisa hatukuyagusa. Nilidhani ananificha dharau. Yeye alistaafu, pumzi zikawa fupi, miguu ikavimba. Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilimpelekea samaki nikamkuta amekaa kitini ugani, hajavaa shati.

"Bwana Mnyapara, una gari leo?"

"Ninalo. Unataka hospitali?"

"Nataka kwa Karisa."

Nikamwuliza kuna nini. Akavuta pumzi zake mbili tatu. "Mimi nilikuwa na njia tatu za kumfikia yule mtu. Kuna mhudumu wa kijiji. Kuna chifu. Kuna dada yake, ambaye ni mkeo, alikuwa akipita mlangoni kwangu kila siku na kikapu. Nilinyamaza. Nilisema moyoni, ngoja yule kontrakta aje apige magoti. Nilihesabu miezi, Bwana Mnyapara. Nilijua wa sita ulipoisha."

Miaka yote hiyo ya Karisa niliyabeba peke yangu, na sikuona yamepungua uzito kwa kupata mwenzangu.

"Nitasema yangu," akaongeza. "Yako utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilimpandisha mbele kwenye lori, tukaenda. Karisa alikuwa kivulini mwa ukuta wa nyumba yake anamenya muhogo, kisu amekifunga mkononi kwa kitambaa. Alifurahi mpaka akataka kusimama, tukamzuia. Akamwita mkewe alete viti.

Tabibu hakungoja viti. Alisema akiwa amesimama, ameshika ukuta, na hakuzungusha maneno. Kwamba alijua siku ile ile. Kwamba vidole vilikuwa vinaokoleka. Kwamba alifukuzwa, akanuna, akakaa nyumbani.

Karisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia. "Mlamu, nani alimfukuza?"

"Mimi."

"Ulijua nina nini?"

"Aliniambia. Nikakwambia ni baridi yabisi. Niliogopa gengi litakimbia."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na viti viwili, hakuviweka chini.

"Ilikuwa miezi mingapi?" Karisa akauliza.

"Saba," Tabibu akasema.

"Saba." Aliutazama muhogo ulio mkononi mwake. "Mimi kila Jumapili namwomba Mungu anisamehe kwa kuchelewa. Kila Jumapili. Watoto wangu wananiita mfano wa mjinga, na mimi ndiye niliyewafundisha."

Aliendelea kumenya, ganda likaanguka, akamenya lingine. Hatimaye akamwambia mkewe amwekee Tabibu kiti, maana mzee anahema. Mke akaweka kimoja. Karisa akamgeukia Tabibu, akamuuliza kama tangu asubuhi amekula chochote.

Mimi hakuniuliza.